Faiba ya nyumbani: laini nzuri, kampuni ya kufukuzana nayo

Nianze na hukumu, maana najua wengi mnasoma mistari ya juu tu. Laini yenyewe ya faiba, yaani intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya wa kioo, ni nzuri, bei inavumilika, tangazo limepakwa rangi nyingi kuliko ukuta wa saluni, na huduma kwa wateja inategemea siku hiyo simu yako imepokewa na nani. Bado natumia. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nimeuliza majirani walio kwenye kampuni nyingine na stori ni ileile, kinachobadilika ni rangi ya fulana za mafundi.

Naishi Tabata, nafanya kazi za uhasibu kwa mtandao. Mafaili ya wateja yanakwenda na kurudi mchana kutwa, mikutano ya video haikosekani, na jioni watoto wanarudi shule na kudai haki yao ya katuni. Kwa mabando ya simu nilikuwa nakamuliwa. Nikachukua kifurushi cha Mbps 40 (megabiti 40 kwa sekunde), "bila kikomo", chini kidogo ya Sh 100,000 kwa mwezi, ruta bure, kufungiwa bure mradi ulipie mwezi wa kwanza.

Bango lao liko njia ya Mandela, mnalifahamu la aina hiyo: familia imejaa kwenye kochi moja, kila mtu na kifaa chake, wote wanacheka. Namba ya kasi imeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni. Chini kabisa, kwa maandishi ya kusomwa na mtu aliyepanda ngazi, "vigezo na masharti kuzingatiwa". Hakuna neno kuhusu kasi ya kupakia, ambayo kwangu mimi ninayetuma mafaili ndiyo nusu ya kazi. Hakuna neno kuhusu usiku. Hakuna neno kuhusu laini ikikata watakuja baada ya muda gani.

Kufungiwa ilikuwa raha tupu, lazima niseme. Wakala wa mauzo anajibu WhatsApp hata ukiandika usiku wa manane, "karibu sana bosi", na kesho yake mafundi wako getini na ngazi. Wakavuta waya mwembamba mweusi kutoka nguzoni, wakatoboa tundu moja dogo juu ya dirisha, wakafunga kile kiboksi cheupe kinachopokea mwanga wa waya huo, wakapima mbele yangu: Mbps 40 kamili. Nikasaini. Ilikuwa saa tano asubuhi, majirani wako makazini.

Saa mbili usiku mambo yakawa mengine. YouTube inakwenda bila shida, lakini mkutano na mteja aliye nje unaganda, sura zinabaki zimeachama mdomo, faili la MB 80 linapanda kwa kujivuta. Nikapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja akaniambia nizime ruta na kuiwasha, kisha nipime kasi. Nikapima: 38. "Unaona dada, laini yako iko vizuri, tatizo litakuwa kwenye kifaa chako."

Hapo ndipo nilipoamua kuuliza watu wanaojua, na majibu yao yanastahili kujulikana na kila anayelipia faiba. Kile kipimo, programu isipoambiwa vinginevyo, huchagua seva ya karibu, yaani kompyuta ya kupimia iliyo upande wa pili, na mara nyingi seva ya karibu imo ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe. Unapima njia ya kutoka sebuleni kwako mpaka ofisini kwao. YouTube nayo inanyooka kwa sababu Google huweka ghala za video ndani ya mitandao ya watoa huduma wengi, kwa hiyo katuni za wanangu huenda hazivuki hata bahari. Anayevuka bahari ni mimi na mteja wangu. Ukitaka ukweli, badilisha seva: chagua ya Johannesburg au London, pima saa tatu usiku. Yangu ilishuka hadi kwenye tarakimu moja.

Halafu wakala ananiambia ni kwa sababu mtaani tumekuwa wengi kwenye laini moja. Hesabu inamkataa. Teknolojia wanayotumia kampuni nyingi za faiba za majumbani, GPON, inashusha takriban Mbps 2,488 kwenye uzi mmoja, na uzi huo hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Chukua hali mbaya kabisa: nyumba 64, zote zina kifurushi cha 40, zote zinatumia kwa wakati mmoja mpaka mwisho. Ni 2,560. Karibu ilingane! Na hakuna mtaa ambao watu wote wanavuta mpaka mwisho kwa sekunde moja. Uzi wa mtaani kwetu unatosha. Kisichotosha ni kile wanachokinunua huko juu, uwezo wa kutoka nje ya nchi, ambao ndio ghali na ndio ambao mteja hawezi kuuona nguzoni. Kwa hiyo wanaposema "faiba mpaka mlangoni" wanasema kweli tupu, na hiyo kweli hainiambii chochote kuhusu saa tatu usiku.

Hilo nilikuwa nimeshalizoea. Kilichonitoa machozi ni siku taa nyekundu ya LOS ilipowaka.

Ikiwaka hiyo, maana yake mwanga haufiki kwenye kiboksi. Si suala la kuzima na kuwasha. Nikapiga, nikaambiwa nizime na kuwasha. Nikapewa namba ya tiketi na ahadi ya saa 24. Kesho yake jioni ikaja meseji: "Ndugu mteja, tatizo lako limetatuliwa. Asante kwa kutuchagua." Nageuka nyuma, taa inapepesa nyekundu vilevile. Ukipiga tena, tiketi ile imeshafungwa, unafunguliwa mpya, na saa 24 zinaanza kuhesabiwa upya. Kwenye ripoti zao nadhani nimehesabiwa mteja aliyehudumiwa haraka, tena zaidi ya mara moja. Wakati huo siku za kifurushi changu zinaliwa, maana tunalipa kwanza. Asiyelipa mapema hana huduma, na aliyelipa mapema hana cha kuzuia.

Nikamtumia ujumbe yule wakala wa WhatsApp. Tiki za bluu, kimya.

Fundi aliyekuja hatimaye ni kijana mmoja mtulivu, begi mgongoni, hana haraka. Akachomoa waya kwenye kiboksi, akauingiza kwenye kipimo chake kidogo kinachotosha kiganjani. Kikasoma 30 hasi. "Dada, hii haiwezi kuwaka. Ikishapita 27 hivi kiboksi hakioni kitu." Tukatoka nje. Akaufuata waya kwa macho kuanzia nguzoni mpaka kwenye kona ya bati, akacheka peke yake. Waliofunga mwanzo walikuwa wameukunja ukingoni kwa nguvu na kuubana na msumari. "Mwanga hautaki kona kali," akasema, "unavujia hapo. Jua likipiga bati, waya unatanuka na kujibana, siku moja unakataa." Akaulegeza, akaupitisha kwa duara pana, akapanda kwenye boksi la nguzoni na kusafisha kichwa cha waya kwa kitambaa maalumu. Akapima tena: 21 hasi. Taa ikawa ya kijani kabla hajashuka ngazi. Kazi yote haikufika nusu saa.

Wakati anakunywa maji nikamuuliza kwa nini imechukua muda wote huo. Hakuficha. Yeye si mwajiriwa wa kampuni, ni wa mkandarasi, na wanalipwa kwa kazi. Kufunga mteja mpya ndiko kuna hela, marekebisho yanalipa kidogo, na mengine hayalipi kabisa ikionekana kosa ni la waliofunga. "Sasa asubuhi nikiwa na kazi mbili, ya kufunga na ya kutengeneza, wewe ungeanza na ipi?" Sikuwa na jibu. Kumbe tabia yote ya kampuni, kuanzia wakala asiyelala mpaka tiketi inayojifunga yenyewe, imekaa kwenye hesabu hiyo: pesa iko kwa mteja ambaye bado hajalipa.

Nikadai siku zangu. Kwa simu nilipigwa danadana, mara idara ya bili, mara "tunalifanyia kazi". Kilichofanya kazi ni barua pepe moja fupi: namba za tiketi, picha ya taa nyekundu, ile meseji ya "limetatuliwa" ikionyesha saa yake, na ombi moja tu, nirudishiwe siku nilizokaa gizani. Nakala nikaipeleka TCRA, mdhibiti wa mawasiliano. Utaratibu ndio huo, unaanza na kampuni, usiporidhika unapanda kwa mdhibiti, na ile sheria ya 2003 iliyoiunda TCRA iliunda pia baraza la watumiaji, TCRA-CCC, ambalo watu wengi hawajui hata kama lipo. Nilipigiwa kesho yake na mtu mwenye sauti ya cheo. Siku zote zikarudishwa. Maana yake uwezo wa kurudisha ulikuwepo tangu mwanzo.

Uingereza haya mambo hayaachiwi barua pepe ya mteja mwenye hasira. Kuanzia Mei 2018 namba ya kasi kwenye tangazo lazima ipatikane kwa angalau nusu ya wateja kati ya saa mbili na saa nne usiku, saa zilezile zinazonitesa mimi. Kabla ya hapo ilitosha ipatikane kwa asilimia 10 tu ya wateja. Na tangu Aprili 2019 kampuni zilizojiunga na mpango wa Ofcom, mdhibiti wao wa mawasiliano, zinalipa fidia bila mteja kuomba: ulianza na pauni 8 kwa kila siku laini ikikaa imekufa baada ya siku mbili kamili za kazi, na pauni 25 fundi asipotokea siku ya miadi. Si kwamba huko ni malaika. Mwaka huohuo wa 2019 Mahakama Kuu yao iliukubali uamuzi wa kuacha huduma inayomalizikia kwenye waya wa shaba itangazwe kwa jina la faiba. Hapo angalau sisi tumewazidi, uzi wetu wa kioo unaingia mpaka sebuleni.

Kuna siku kampuni haina kosa, na haki isemwe. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya zinazotuunganisha na intaneti ya nje, ilipata hitilafu baharini kusini mwa Afrika, nchi nzima ikayumba, na hakuna fundi wa Tabata ambaye angeweza kufanya lolote. Walitoa taarifa, tukaelewa. Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo "mkongo wa baharini" umekuwa jibu la kila kitu. Niliambiwa mkongo wa baharini siku ile waya wangu uliponaswa na lori la mchanga, nikiwa nautazama umelala barabarani.

Cha ajabu, kitu kizuri kuliko vyote hawakitangazi. Faiba ya mtaani haihitaji umeme kati ya kituo chao na nyumba yako, kile kigawanyio cha nguzoni kinapitisha mwanga tu. Nimenunua UPS ndogo ya volti 12, betri ya akiba, ile ya ukubwa wa tofali la sabuni, nimeunganisha kiboksi na ruta. Tanesco wakikata, kompyuta ya mkononi ina betri na mtandao unaendelea kama hakuna kilichotokea. Minara ya simu siku hizo hulemewa, maana mtaa mzima unahamia kwenye bando. Kizuri chajiuza, labda ndiyo maana hakina bango. Kwa mtu wa kazi za mtandaoni hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kuvuta faiba.

Kuhusu "bila kikomo", soma masharti kabla ya kulipa. Kwangu kuna kiwango cha matumizi ambacho ukikivuka kasi inashushwa mpaka mwezi uishe. Sijawahi kukifikia, ila jirani yangu mwenye banda la kuonyesha mpira hukifikia mapema tu. Na MB si Mb: Mbps 40 ni kama MB 5 kwa sekunde, usishangae ukiona namba ndogo unapopakua filamu.

Mtu akiniuliza sasa hivi kama ajiunge, namwambia ajiunge, lakini kwanza amuulize wakala kwa maandishi mambo matatu: kasi ya kupakia ni ngapi, laini ikifa siku ngapi zinarudishwa na kwa utaratibu gani, na akipima kwa seva ya nje saa tatu usiku atapata nini. Swali la tatu hawatalijibu. Mawili ya kwanza yakijibiwa kwa WhatsApp, piga picha ya skrini na uitunze. Mafundi wakija, simama nao uangalie wanavyokata kona.

Mimi nimeshuka kutoka 40 hadi 20. Usiku tofauti siioni, kwa sababu kinachobana hakipo kwenye kifurushi changu, na mchana 20 inanitosha. Pesa inayobaki nainunulia bando la kampuni nyingine kabisa, linakaa kwenye simu ya pili kwa ajili ya siku ya taa nyekundu. Nyota: laini nne, mafundi nne, huduma kwa simu mbili, bango moja. Wiki iliyopita wakala kanitafuta tena, safari hii na ofa ya Mbps 100. Nimemuuliza habari za saa tatu usiku, nasubiri.