Idara ya dharura iliyotilia shaka taifodi

Idara hii ni ya hospitali moja ya kisiwani Mombasa, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa pamoja na sifa nina malalamiko. Mpwa wangu wa miaka 26 alivushwa kivuko cha Likoni usiku akitapika, tumbo limemjaa kama ngoma, na kwa siku mbili hakuwa amepata choo wala kutoa hewa. Zahanati ya mtaani ilikuwa imemtibu taifodi mara tatu kwa kutegemea kipimo cha Widal, ambacho huweza kuonyesha ugonjwa usiokuwapo, huku yeye akizidi kukonda na shuka likilowa jasho kila usiku.

Daktari wa zamu alianza na yasiyongoja: dripu, mpira wa puani wa kutoa uchafu tumboni, eksirei ya kuangalia kama utumbo umetoboka, na daktari wa upasuaji akaitwa mapema. Picha ya kifua ilitoka safi, na nadhani wengine wangekomea hapo. Yeye alitueleza kwamba kifua kikuu cha tumbo mara nyingi hakiachi alama yoyote mapafuni. Ultrasaundi ilionyesha maji na matezi yaliyovimba. Maji yalivutwa kwa sindano, na protini, limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) na kimeng'enya cha ADA, ambacho hupanda katika kifua kikuu, vikakutwa viko juu. GeneXpert, kipimo cha kutafuta vimelea vya kifua kikuu, haikuona kitu, ila katika maji ya tumbo kipimo hicho huwakosa wagonjwa wengi, kwa hiyo hakuridhika mpaka kipande cha utando wa tumbo, kilichokatwa kwa kutumia kamera, kilipothibitisha kifua kikuu. Utumbo ulifunguka wenyewe bila kupasuliwa.

Malalamiko yangu ni mawili. Majibu ya ADA yalichukua siku 5, na kila tulipouliza tulielekezwa dirisha jingine. Tena hakuna aliyetutahadharisha kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Dada yangu alidhani mwanawe anakojoa damu, akamrudisha mbio usiku.

Dawa ni za miezi 6, aina nne kwa miezi 2 ya mwanzo kisha mbili kwa miezi 4, na tunazichukua bure katika kituo cha serikali, ingawa vipimo tulivilipia. Mgonjwa mwingine nitampeleka huko huko, lakini nitauliza siku ya kwanza ni nani anayefuatilia sampuli.