Chombo chenye meno au hesabu ukutani?

Serikali inayotaka kuaminiwa tena huwa na njia mbili kubwa: kuunda chombo huru cha kuwanasa wala rushwa, au kuanika hesabu zake hadharani.

Hong Kong ilishika ya kwanza mwaka 1974, baada ya ofisa mkuu wa polisi, Peter Godber, kutoroka akiwa anachunguzwa. Tume mpya, ICAC, iliwajibika moja kwa moja kwa gavana, si kwa polisi. Fisi hapewi bucha alinde. Godber akarudishwa kutoka Uingereza, akafungwa, na watu wakaona kumbe hata kigogo hukamatika. Gharama yake ya kisiasa haikuwa ndogo: mwaka 1977 polisi wenye hasira walivamia ofisi za tume, na gavana akalegeza kamba kwa kusamehe makosa mengi ya nyuma. Tena, mteuzi wa mkuu wa tume akiwa ndiye mwizi, meno yatawauma wapinzani tu.

Uganda ilijaribu ya pili. Kati ya 1991 na 1995, shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya serikali kuu. Kiasi kilichotumwa wilayani kikaanza kuchapishwa magazetini, na shule zikabandika ukutani kilichofika. Mzazi akapata cha kumuuliza mwalimu mkuu. Ruzuku iliyofika ikapanda sana, ingawa tangazo halimfungi mtu.

Mimi ningeanza na hesabu: ni rahisi, na baadaye humpa mpelelezi pa kuanzia.