Tathmini: Nakala ya Kipepeo cha Kujipepea Kilichochorwa na Ike Gyokuran

Nakala ninayoitathmini ni ya mandhari ya milima na maji ambayo Ike Gyokuran, mchoraji wa kike wa Japani wa karne ya 18, aliichora kwenye karatasi ya kipepeo cha kujipepea, kile cha kukunja. Inauzwa yeni 7,800 na duka moja la Kyoto linalochapisha upya picha za kale, nayo humfikia mnunuzi ikiwa imeviringishwa ndani ya mrija mgumu pamoja na kijikaratasi cha maelezo. Uchapishaji wake ni bora kuliko nilivyotarajia kwa bei hiyo, lakini maelezo yanamdhulumu mchoraji.

Wachapishaji wametumia karatasi ya washi, yaani karatasi ya jadi ya Kijapani, isiyong'aa, na uamuzi huo umeiokoa picha, kwa kuwa mtindo wa Gyokuran unategemea vidoa vidogo vya wino vilivyorundikwa juu ya miteremko kuonyesha nyasi na mimea midogo, huku rangi hafifu za buluu na kahawia zikipita chini yake. Ukiisogeza nakala karibu na dirisha, unaweza kutofautisha vidoa vilivyowekwa brashi ikiwa imejaa wino na vile vilivyowekwa ilipokaribia kukauka. Hata mistari ya mikunjo, inayotawanyika kutoka chini kwenda juu ya tao la kipepeo, imeachwa ilivyo. Duka jingine lingeifuta kwenye kompyuta ili picha ionekane safi, na macho yangesahau kwamba kitu hiki kilikusudiwa kushikwa mkononi. Penye udhaifu ni kwenye wino mwepesi kabisa: ukungu ulioko mbele ya mlima wa mbali umegeuka kuwa kama doa la chai, na mhuri mwekundu umeelekea rangi ya chungwa.

Kijikaratasi kinaanza na mchoraji Ike Taiga, mume wa Gyokuran, na kinaendelea naye hadi karibu na mwisho, ambapo Gyokuran anatajwa kuwa mke na mwanafunzi wake. Ni kweli kwamba Taiga alimfundisha, ila yeye naye alimfundisha Taiga utunzi wa waka, mashairi mafupi ya jadi ya Kijapani, na hilo halikuandikwa. Wala halikuandikwa kwamba mama yake, Yuri, na bibi yake, Kaji, walikuwa washairi waliofahamika mjini Kyoto, wakiendesha duka la chai la Matsuya katika mtaa wa Gion, wala kwamba alijifunza uchoraji pia kwa Yanagisawa Kien, ambaye ndiye aliyempa jina la Gyokuran. Mnunuzi asiyeyajua haya hataelewa ni kwa nini mwanamke huyo wa karne ya 18 ni mtangulizi. Bunjinga, uchoraji wa wasomi uliofuata kielelezo cha China, ulisimama juu ya elimu ya maandishi ya Kichina ambayo wasichana wengi hawakupewa, na kwa hiyo kuingia humo kwa jina lake mwenyewe na kuheshimiwa kama mchoraji lilikuwa jambo zito. Nafasi imepatikana, hata hivyo, ya kisa mashuhuri cha Taiga kusahau brashi zake nyumbani: Gyokuran anamkimbilia nazo njiani, naye anamshukuru kama mtu asiyemjua, kisha anaendelea na safari. Kisa kinachekesha, lakini hapa kinamfanya mke kuwa mpeleka brashi tu.

Baadhi ya kazi za Gyokuran zina shairi la waka lililoandikwa kwa mkono wake kando ya picha, na duka lingefanya la maana zaidi kuchagua mojawapo ya hizo, kwa sababu zinaonyesha urithi wa mama na bibi yake ukikutana na uchoraji katika karatasi moja.

Anayetaka kuchunguza mkono wa mchoraji kwa undani hahitaji kununua chochote. Metropolitan Museum of Art ya New York, ambayo ina kazi zake, ilianza mwaka 2017 kutoa bure picha za kazi zisizofungwa na hakimiliki, na kwenye skrini zinaweza kukuzwa. Nakala hii inamfaa anayetaka kuitundika ukutani. Fremu inayouzwa kando iachwe, kwani kioo chake kinaakisi mwanga na ukingo wake unaziba ncha mbili za tao. Fundi yeyote wa fremu anayejua kuacha nafasi pembeni ataifanya vizuri zaidi.