Miaka mitatu na PPF Dar: anza na kingo

Gari ni Harrier nyeusi, inalala nje, na karibu kila wiki inapita barabara ya Morogoro nyuma ya malori ya mchanga. PPF, yaani filamu angavu ya kulinda rangi ya gari, haijafunika gari zima: ni boneti nzima, bampa ya mbele, fenda mbili, saiti mira na vikombe vya vitasa (vile vishimo nyuma ya vitasa vya milango). Ni ya TPU, plastiki inayovutika, unene wa maikroni 200 hivi, kama mara mbili ya stika za kawaida za kubadilisha rangi ya gari. Miaka mitatu imepita na haijawa njano. Ningebandika tena, ila kwa fundi mwingine.

Katikati ya boneti sina la kulalamika. Kokoto ikigonga inaacha kidoa kama alama ya kucha, na vingi hupotea vyenyewe jua la saa saba likiwaka. Mikwaruzo ya kitambaa ni hivyo hivyo. Ukiwa na haraka mwagia maji ya moto, si ya kuchemka, nyuzi 60 zinatosha. Lakini kinachojifunga ni tabaka la juu tu. Mkwaruzo uliokata hadi ndani ya filamu haujifungi, fundi akuambie atakavyo.

Shida yote iko kwenye kingo. Upande wa mbele wa boneti filamu ilikunjwa kama sentimita 1 kuingia chini, na hapo pako kama siku ya kwanza. Pembeni, kwenye fenda, ilikatwa milimita 2 kabla ya ukingo. Gundi ikabaki wazi, vumbi likanasa, sasa kuna mstari wa rangi ya udongo usiotoka kwa sabuni yoyote. Kwenye kona za bampa ni kosa jingine: filamu ilivutwa mno ili ienee. TPU ni kama mpira, inataka kurudi ilikotoka, na ndani ya wiki chache kona ikaachia. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza: wapi utakunja, wapi utakata, na utakatia wapi? Anayekatia juu ya gari kwa wembe anaweza kuacha mchoro kwenye klia (tabaka angavu la juu la rangi), na utauona siku ya kubandua.

Ukingo ukianza kuinuka na bado ni safi, futa chini yake kwa alkoholi ya isopropili, acha ukauke, pasha kwa draya ya nywele, kisha kandamiza kwa kidole kilichofungwa kitambaa nusu dakika. Ukishaingia vumbi, gundi ya hapo imekufa. Mwite fundi akate kipande kilichoinuka, na kona aiache ya mviringo, maana kona kali huinuka tena.

Siku 7 za kwanza usioshe. Ukungu na viputo vya maji hukauka vyenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne. Kiputo chenye punje ya vumbi katikati hakikauki, hicho mrudishie fundi.

Halafu kunguru. Kinyesi chao kikipigwa na jua siku moja kinakula tabaka la juu na kuacha duara lenye ukungu, na hilo halitoki hata kwa maji ya moto. Ninalo moja kwenye boneti. Weka chupa ya maji na kitambaa laini ndani ya gari: lowanisha, acha kitambaa juu yake dakika 2 au 3, kisha inua bila kusugua. Utomvu wa mwembe unatoka kwa ile alkoholi. Petroli na thina usiguse kabisa.

Kuosha: ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa, shampuu ya gari isiyo kali, sabuni ya unga hapana. Prasha ikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye gari, na mdomo wake usielekezwe kwenye ukingo. Vijana wa kuoshea magari hupenda kuusogeza pale pale penye uchafu, kwa hiyo simama uangalie. Maji ya kisima yenye chumvi yakikaukia juu yanaacha madoa meupe. Kausha mara moja, na yakishakuwepo tumia siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kisha suuza. Nta ngumu ya kopo huacha mstari mweupe kwenye kingo. Ya kupuliza, kila miezi mitatu, inatosha.

Magari ya Japani yaliyotumika yana mtego wake: mengi yamepakwa rangi upya sehemu fulani, na siku ya kubandua filamu, rangi dhaifu inafuata. Rangi ya kiwandani huwa maikroni 100 hadi 160 hivi. Kipimo cha unene wa rangi kikisoma 300 ujue pamerudiwa, na penye zaidi ya hapo sana kuna puti. Bampa ni plastiki, vipimo vya kawaida havisomi, hapo tafuta punje za vumbi ndani ya rangi.

Na omba kipande kilichobaki ukivute. TPU inarudi, PVC, plastiki ya bei rahisi zaidi, inabaki imenyooka au inageuka nyeupe. Ukiona inabaki, chukua gari lako uondoke, hata kama bei ni nusu.