Hosi za oili ya gia zinazobanwa fitingi kwa mashine, Toyota Prado KZJ95: uzoefu wangu

Hosi hizi za kupeleka oili ya gia otomatiki kwenye rejeta ikapozwe, nilizotengenezewa Shimanzi, Mombasa, nazipa nyota nne kati ya tano. Nyota niliyoinyima ni ya fitingi (viungio vya chuma kwenye ncha za hosi), mpira wenyewe hauna neno.

Paipu za chuma zinazotoka kwenye gia boksi kwenda rejeta huliwa na kutu hapa Mombasa kuliko bara. Kutu haianzi panapoonekana: huanzia chini ya breketi, mchanga na chumvi vinapokaa na unyevu. Fungua breketi, chokonoa kwa bisibisi. Ikibambuka maganda, paipu imekwisha hata kama kwingine inang'aa.

Dawa ya gereji nyingi ni kukata paipu, kuchomeka hosi ya petroli na kukaza klipu ya parafujo. Siipendi hata kidogo. Oili ya gia hukaa nyuzi joto 80 hadi 95, na kwenye foleni ya Changamwe au ukipandisha Mazeras na mzigo hupanda zaidi. Hosi ya petroli haikutengenezwa kwa joto hilo wala oili hiyo. Tena paipu iliyokatwa haina ule ukingo ulioinuka wa kuzuia mpira usichomoke. Ikichomoka, pampu yenyewe ndiyo inayomwaga oili barabarani, na gia boksi hukauka upesi. Ukiamua kubaki na mpira na klipu, nunua ulioandikwa SAE J1532 (kiwango cha hosi za kupoza oili ya gia), na paipu itiwe ukingo kwanza.

Mimi nilichukua hosi ya haidroliki ya inchi 3/8, waya mmoja (tabaka moja la waya ndani ya mpira). Usikubali kuuziwa ya waya mbili: presha ya laini hii ni ndogo, utapata ugumu wa kukunja tu. Hata ya waya mmoja haitaki kukunjwa chini ya nusu kipenyo cha milimita 130, basi pima njia yake ikiwa chini ya gari, mbali na ekzosi. Ulizia joto kabla ya bei. Nyingi za kawaida mwisho ni nyuzi joto 100. Tafuta inayozidi hapo.

Sasa fitingi. Kaunta ya haidroliki imezoea BSP (nyuzi za parafujo za kipimo cha Kiingereza), na Toyota hutumia nyuzi za milimita. Kijana wa kaunta alichagua kwa jicho. BSP ya robo inchi ina unene wa milimita 13.2 na nyuzi 19 kwa inchi, M14x1.5, ambayo ni ya milimita, ina unene wa milimita 14. Ya kwanza huingia kwenye tundu la ya pili, ikazunguka raundi mbili tatu, ikakwama. Mtu akidhani imekaza, ataendelea kuvuta mpaka uzi wa gia boksi ulike. Nenda na fitingi kuukuu mkononi, pimeni kwa venia (kifaa cha kupimia unene) na geji ya nyuzi kabla mashine haijabana chochote.

Wakati wa kufunga, spana ziwe mbili: moja ishike fitingi ya rejeta, nyingine izungushe nati. Ukitumia moja, unakisokota kipoza oili kilicho ndani ya rejeta, na nyufa zake huzioni. Tepu nyeupe ya mabomba usiitie kabisa. Vipande vyake huishia kwenye valvu bodi, sehemu inayoelekeza oili ndani ya gia boksi.

Kabla ya kununua chochote, chomoa dipstiki. Oili ikiwa na rangi ya maziwa ya rozi, maji ya rejeta yameshaingia, na hosi mpya haitasaidia: badilisha rejeta, osha gia boksi, na klachi zikaguliwe kwa sababu maji hubandua gundi yake.

Ukimaliza, ongeza oili kidogo kidogo, injini ikinguruma kwenye P (gia ya kuegesha), baada ya kupitisha gia zote. Kipimo cha kweli ni oili ikiwa moto.

Fitingi za chuma zilizopakwa zinki nazo hushika kutu pwani, kwa hiyo zipake grisi kwa nje. Za alumini sikuzichukua: zikigusana na chuma penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.