Tahadhari: maganda ya risasi yanayouzwa kuwa "yamepigwa mara moja tu"

Ndugu zangu mlioko Marekani ambao, kama mimi, mnalenga visahani vya udongo na kujijazia risasi wenyewe nyumbani, naomba mjihadhari na muuzaji mmoja wa mtandaoni anayetangaza maganda ya Remington STS (aina ya ganda la kampuni ya Remington) ya geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu wa shotgani, kuwa yamepigwa mara moja tu tangu yatoke kiwandani.

Nilinunua maganda 500. Mzigo ulipofika, nilikuta umepangwa kama gunia la mkaa wa barabarani, vipande vizuri mdomoni na chenga chini. Safu ya juu ilikuwa STS halisi, mikunjo yake minane, ile inayofunga mdomo wa ganda, ikiwa bado imekaa sawa. Chini yake kulikuwa na mengi yaliyochanika midomo au kutoboka pale mikunjo inapokutana, dalili kwamba yamekwisha kujazwa mara kadhaa, na mengine yalikuwa na fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) za kampuni tofauti kabisa. Nilipopitisha sumaku, vitako vingi vilinasa, ilhali kitako cha STS ni cha shaba ya manjano. Hayo yalikuwa Gun Club, ambayo pia ni ya kijani na ya Remington, lakini kitako chake ni cha chuma. Gun Club si ganda baya, ila silo nililolipia.

Hasara ya fedha naweza kuimeza. Kilichonitisha ni maganda ya bei nafuu yaliyochanganywa humo, ambayo sehemu ya ndani ya kitako imetengenezwa peke yake na kupachikwa, tofauti na STS ambayo ni kipande kimoja. Kipande hicho kikilegea kinaweza kutoka na risasi, kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua. Isitoshe, vipimo vya baruti huandikwa kwa ganda maalumu, kwa sababu nafasi ya ndani hutofautiana, na kipimo kilicho salama kwenye ganda moja kinaweza kuzidisha shinikizo kwenye jingine.

Kabla ya kulipa, dai picha za midomo na vitako vya maganda ya chini ya sanduku, na yakifika mulika kila moja kwa tochi hadi ndani. Msilipe kwa njia ya kumtumia rafiki pesa, kama nilivyofanya mimi kwa kuokoa dola chache, kwani niliambiwa malipo hayo hayana ulinzi wa mnunuzi. Muuzaji amenifungia mawasiliano, lakini tangazo bado lipo na picha ni ileile: ndoo nyeupe iliyojaa maganda ya kijani, iliyopigwa kutoka juu.