Stoo ya mvinyo nyumbani Dar: nunua baridi, usichimbe shimo

Chupa ya kwanza niliyoiharibu kwa mikono yangu ilikaa juu ya kabati la nguo, Tabata, kuanzia Novemba hadi Machi. Siku naishusha, kizibo kilikuwa kimepanda karibu nusu sentimita juu ya mdomo, kimeisukuma karatasi ya juu ikavimba, na shingoni kuna michirizi inayonata. Nikaonja. Ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa na sukari. Nilipoinunua haikuwa na tatizo lolote. Joto la chumba ndilo lililoipika.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya chochote, elewa unanunua nini. Rafu za mninga na taa za kubembeleza macho ni mapambo, hayo fanya mwishoni ukiwa na hela ya kuchezea. Unachonunua ni nyuzi 12 au 13 ambazo hazipandi na kushuka, giza, na mahali pasipotikisika. Ukishindwa kufika 13, afadhali 16 iliyotulia kuliko sehemu inayoamka na 12 na kufika 25 saa tisa mchana. Kuhusu unyevu, vitabu vya Ulaya vinahimiza asilimia 60 hadi 70 ili kizibo kisikauke. Huku pwani shida yetu ni kinyume: unyevu umezidi, na usipoangalia, lebo zinaota ukungu na kubanduka.

Halafu hesabu chupa zako. Sihesabu za kunywa wiki hii. Nahesabu zile zitakazokaa mwaka na zaidi. Mvinyo mwingi unaouzwa madukani umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na kuuweka miaka mitano hakuufanyi uwe mtamu zaidi. Chenin Blanc ya Dodoma, mvinyo mweupe, kwa mfano, inapendeza ikiwa changa. Tena Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hakuna sababu ya kuilundika kana kwamba kesho itakwisha. Mvinyo wa boksi ndiyo kabisa usiuweke akiba, ule mfuko wa ndani hauzuii hewa kama chupa.

Kama jibu lako ni chupa chini ya kumi, usinunue kitu. Tumia friji uliyonayo, rafu ya chini au droo ya mboga. Ni baridi mno, nyuzi 4 au 5, na hewa yake ni kavu, lakini kwa miezi kadhaa mvinyo hautadhurika, hasa wenye kifuniko cha kuzungusha. Utoe nusu saa kabla ya kunywa kama ni mwekundu. Mlango wa friji usiutumie, unafunguliwa mara arobaini kwa siku.

Kwa wenye chupa nyingi zaidi kuna njia tano, na hivi ndivyo ninavyozipanga mimi, kuanzia inayofaa zaidi Dar hadi isiyofaa kabisa.

Ya kwanza ni friji ya mvinyo yenye kompresa. Ukiweza bei yake, nunua hiyo na usisome zaidi. Lakini nenda dukani ukijua mambo mawili matatu, maana wauzaji wengi hawayajui. Geuza friji au fungua mlango utafute kibandiko cha kiwandani chenye herufi za daraja la hali ya hewa. SN na N zimeundwa kwa vyumba visivyozidi nyuzi 32. ST inavumilia hadi 38, na T hadi 43. Jikoni kwangu Februari kipimajoto kinasoma 33 feni ikiwa inazunguka, kwa hiyo N kwangu ingehangaika mchana kutwa bila kupumzika, na kompresa isiyopumzika haizeeki vizuri. Tafuta ST au T.

Pili, uliza kama ni ya kusimama peke yake au ya kuchomeka kwenye kabati. Ya kusimama peke yake hutoa joto nyuma au ubavuni. Jirani yangu alimwachia fundi seremala aizingire na mbao za jikoni ipendeze. Ikapendeza kweli, na ndani ya miezi michache ikawa inavuma usiku kucha huku mvinyo uko nyuzi 19. Iache na nafasi ya kupumua kama maelekezo yake yanavyosema, na isikae ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Idadi ya chupa iliyoandikwa usiiamini. Wanahesabu chupa nyembamba zenye mabega, zile za Bordeaux. Ukiingiza chupa nene za mvinyo wenye mapovu, "chupa 46" inageuka thelathini na kitu. Chukua saizi moja juu ya unayodhani. Na kabla ya kulipa bana noti ya elfu moja mlangoni, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umelegea, hata kama friji ni mpya.

Ya pili, na hii ndiyo ninayoitumia, ni friza ya mtumba iliyofungwa themostati ya nje. Watu wanacheka wakiona, wanadhani nauza barafu. Friza ya kulala, ya mfuniko wa juu, ina kuta nene na inatunza baridi kuliko friji yoyote ya kioo. Kasoro yake ni kwamba imezaliwa kugandisha. Dawa yake ni kidude kidogo chenye namba za kidijitali, unachomeka friza ndani yake, unaingiza kile kiwaya cha kupima joto ndani, unaweka 13, basi. Joto likipanda kinawasha, likishuka kinazima. Mimi nililipa laki tatu na nusu kwa friza na elfu thelathini na tano kwa kidude, fundi friji akafunga kwa robo saa. Zaidi ya chupa sitini zinalala humo.

Ina usumbufu wake. Chupa unayoitaka huwa chini kabisa siku zote, kwa hiyo panga kwenye kreti za soda na uandike kwenye karatasi nini kiko wapi. Maji hujikusanya chini kwa sababu ya unyevu wetu. Weka taulo kuukuu na uikamue kila wiki mbili. Mtumba ukifika nyumbani umelazwa kwenye guta, usimamishe uache hadi kesho yake ndipo uwashe, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Ya tatu, chumba kizima, ni ya wanaojenga au wenye chupa mia tatu na kuendelea. Watu huanza kwa kufunga kiyoyozi cha kawaida kwenye stoo. Hicho kwa kawaida kinaishia nyuzi 16 hadi 18, na ukuta wa tofali usio na kizuizi unarudisha joto usiku kucha, bili ya LUKU unaijua. Ukiamua chumba, amua kweli: paneli zile za vyumba baridi vya samaki na nyama, mlango wenye mpira, na mtambo wake wa kupoza. Ukitumia ukuta wa tofali uliobandikwa povu la kuzuia joto, nailoni ya kuzuia unyevu ikae upande wa nje, wa joto. Hapa mafundi wengi hukosea. Ikikaa ndani, unyevu wa nje unapenya ukutani, unakutana na baridi, unageuka maji katikati ya povu, na mwaka wa pili ukuta unanuka kuvu. Simama mwenyewe siku wanayobandika.

Ya nne ni zile friji ndogo nzuri, kimya, nyepesi, za chupa 8 hadi 18, zisizo na kompresa. "Bosi, hii haili umeme kabisa," ndivyo nilivyoambiwa kwenye duka moja Kariakoo, na nikanunua. Zinafanya kazi kwa kibamba cha umeme kinachopoa upande mmoja na kupata joto upande wa pili, na uwezo wake ni kushusha nyuzi kumi na kitu tu chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa 32, ndani kuna 19 au 20, na inavuta umeme bila kukoma. Nairobi au Arusha, chumba kikiwa 22, inafaa vizuri. Dar ni kabati la kioo.

Ya mwisho ni shimo. Najua, ndilo kila mtu analolitamani: ngazi zinashuka, matofali mekundu, giza. Tatizo ni kwamba ardhi, ukishuka mita kadhaa, hukaribia wastani wa joto la mwaka la mahali hapo. Reims, Ufaransa, ambako mapango ya chokaa yamejaa chupa za Champagne, chini kuna nyuzi 10 hadi 12 kwa sababu juu kwenyewe ni baridi. Wastani wa Dar ni kama 26. Utachimba, utajenga zege, utapambana na maji yanayochuruzika mabondeni, halafu utakuwa na shimo la nyuzi 26, na kiyoyozi utanunua vilevile. Uko Njombe au Lushoto? Futa mpangilio wangu wote, hili ndilo la kwanza, na hata kabati chini ya ngazi za nyumba linatosha.

Chochote utakachochagua, ongeza stabilaiza, na kipimajoto chako mwenyewe ndani, kwa kuwa namba za mlangoni hudanganya nyuzi mbili tatu. Chupa zenye kizibo zilaze. Umeme ukikatika, friza iliyojaa chupa inapanda joto taratibu sana; yangu ilikaa bila umeme kwa muda wa saa tisa ikatoka 13 hadi 15. Usifungue mfuniko kuchungulia.